Kihariri cha Terminali: Mazoea, Imani na Haki ya Jirani

Kihariri cha mstari wa amri ni programu ya kuandika na kurekebisha matini ndani ya terminali. Hakina madirisha wala picha, na kila jambo hutendwa kwa kibodi. Fundi wa TEHAMA aliyeko wilaya ya Maswa, Tanzania, hukutana nacho anapoingia kwa SSH, yaani kwa njia ya terminali ya mbali, kwenye seva iliyoko Dar es Salaam au Dodoma. Seva ya namna hiyo kwa kawaida haina kipanya wala skrini yake, na mtandao wa simu unaomfikisha huko hubeba herufi kwa wepesi kuliko unavyobeba picha. Faili la usanidi likiwa na kosa la nukta moja tu, huduma nzima inaweza kusimama, na kosa hilo litaondolewa kwa kihariri kilichomo ndani ya seva ile ile au litabaki.

Vihariri vinavyogombewa ni vichache. Cha kale kuliko vyote kati ya hivyo ni ed, kilichoandikwa na Ken Thompson mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani. Kinashughulika na mstari mmoja mmoja, kwa kuwa wakati huo majibu ya kompyuta yalichapwa kwenye karatasi. Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley, aliandika ex, ambayo sura yake ya skrini nzima ndiyo vi. Mwaka huo huo Richard Stallman na wenzake wa MIT walianzisha Emacs, na mwaka 1985 Stallman akaitoa upya kama GNU Emacs. Vim ya Mholanzi Bram Moolenaar ilitoka mwaka 1991, nano ya Chris Allegretta mwaka 1999, na Neovim, tawi lililochipuka kutoka Vim, mwaka 2014.

Kwa namna ya kutumika, nano ndiyo nyepesi: mtu anaandika na herufi zinatokea, na funguo za kuhifadhi na kutoka zimeorodheshwa chini ya skrini. Emacs hufuata michanganyiko ya vitufe, na kwa ndani ni mazingira mazima ya kuprogramu kwa lugha ya Lisp. Vi na Vim zina hali tofauti: katika hali ya kawaida kila herufi ni amri, na ni katika hali ya kuandika tu ndipo herufi inakuwa herufi. Mgeni anayefungua Vim na kuandika moja kwa moja neno "habari" ataona "bari". Herufi ya kwanza imechukuliwa kuwa amri ya kusogea kushoto, ya pili imefungua hali ya kuandika, na zilizobaki ndizo zilizoingia kwenye faili.

Ubishi wa kipi kati ya hivi kichaguliwe umedumu karibu nusu karne, na wabishi wenyewe wameuvika lugha ya dini: wanazungumza juu ya kuongoka, kuasi na vita vitakatifu. Lugha hiyo inastahili kuchunguzwa kwa makini, maana inadokeza kwamba mahali fulani hoja zimekwisha na kitu kingine kimeanza. Je, uchaguzi huu ni wa akili, wa mazoea au wa imani? Na kama vihariri vyote vinaweza kuondoa ile nukta yenye kosa, je, kuna haki au kosa lolote katika kuchagua? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kipo kitu cha haki na cha kosa, lakini hakimo kwenye vitufe. Kimo katika kile ambacho mchaguzi anawapa, au anawanyima, watu wengine wanaofungamana naye kwa njia ya chombo hicho.

Umbo la swali ni la kale. Abu Hamid al-Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa aliyoimaliza mwaka 1095, aliwataka wasomaji wamfikirie mtu mwenye hamu ya tende aliyewekewa tende mbili zisizotofautiana kwa lolote, naye hawezi kuzichukua zote. Wanafalsafa aliokuwa akiwapinga walidai kwamba utashi hauwezi kupambanua kitu na mfano wake pasipo sababu iliyomo ndani ya vitu hivyo. Ghazali alijibu kwamba mtu huyo atachukua moja, na kwamba kazi ya utashi ni hiyo hasa. Karibu karne moja baadaye Ibn Rushd wa Cordoba alimrudi: mtu huyo hachagui kati ya tende na tende, anachagua kula badala ya kutokula, na kwa haja hiyo tende yoyote inamtosha.

Jibu la Ibn Rushd linamfaa kabisa anayehitaji kusahihisha mstari mmoja usiku wa manane. Huyo hana sababu ya kusumbuka. Akijua kwamba nano huhifadhi kwa Ctrl+O na kutoka kwa Ctrl+X, kazi imekwisha, na ubishi wote wa dunia juu ya vihariri haumhusu. Jambo hili hupuuzwa na walimu wengi wanaomlazimisha mwanafunzi wa wiki ya kwanza kujifunza Vim kana kwamba ni tohara ya kuingia katika ufundi. Kosa lao ni kuchukua haja ya kutenda na kuigeuza haja ya kuwa mtu wa namna fulani.

Hata hivyo mfano wa tende una mpaka. Tende ikiliwa imekwisha, ilhali kihariri hubaki mikononi kwa miaka 20 na kuibadilisha mikono yenyewe. Aliyeliona hili wazi ni Ibn Khaldun. Katika Muqaddima ya mwaka 1377 anafundisha kwamba ufundi ni malaka, yaani uwezo uliokaa ndani ya nafsi kwa kurudiwarudiwa, na kwamba aliyekwisha kupata malaka ya ufundi mmoja ni nadra kuufikia ukamilifu wa ufundi mwingine. Mfano wake ni fundi cherehani ambaye ushonaji ukishamkaa barabara, useremala au uashi haumkai tena vivyo hivyo. Sababu anayoitoa ni ya kina: nafsi huchukua rangi ya kile inachokizoea, na rangi ya kwanza huupunguza utayari wa kupokea ya pili.

Historia ya vi ni ushahidi mzuri wa maneno hayo. Joy aliiandika akitumia terminali ya ADM-3A iliyotengenezwa na Lear Siegler. Kibodi yake haikuwa na vitufe vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Ndiyo maana hadi leo mtumiaji wa Vim husogea kwa herufi hizo nne. Escape ilikaa pale ambapo kibodi za sasa zina Tab, karibu kabisa na kidole, na hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kutoka hali moja kwenda nyingine. Modemu aliyoitumia ilipitisha baudi 300, yaani herufi kama 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ina herufi 1,920, na kuichora yote upya kungechukua zaidi ya dakika moja. Kwa hiyo ilimlazimu kubuni amri fupi zinazofanya mabadiliko makubwa kwa herufi chache. Terminali zile zimebaki makumbusho, lakini vidole vya watu waliozaliwa baada yake bado vinatii mpangilio wake.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ni upofu: kufuata desturi ambayo sababu yake imekufa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Sababu ya desturi inaweza kufa mahali pamoja na kuishi mahali pengine. Kwa anayefanya kazi ofisini karibu na seva yake, amri fupi za vi ni urithi tu. Kwa aliyeko Lalago au Malampaka, huko Maswa, ambaye kila kitufe anachobonyeza kinakwenda Dar es Salaam na kurudi kabla hakijaonekana, sababu ya Joy iko hai. Kufuta aya nzima kwa vitufe vitatu kunampunguzia kusubiri kwa namna ambayo hakuna hoja ya nadharia inayoweza kumpokonya. Umeme nao una neno lake. Vim huandika faili la akiba kando ya faili halisi kila baada ya herufi 200 au sekunde 4 bila kitufe kubonyezwa, na kazi iliyokatika hurejeshwa kwa vim -r. Nano ikipokea ishara kwamba terminali imekatika, huacha nakala yenye mwisho wa .save. Haya ni mambo ya kupimika, na anayechagua kwa kuyapima anachagua kwa akili.

Kati ya kipimo na mazoea ndipo panapozaliwa kile kinachoitwa imani. Mtu amejifunza kihariri kimoja kwa taabu, na malaka imemkaa. Sasa akiulizwa kwa nini ni bora, anatoa sababu alizozikuta baadaye, wala si zile zilizomwongoza siku ya kwanza, ambazo mara nyingi zilikuwa mwalimu aliyemfundisha au mfumo alioukuta kwenye mashine. Imani ya namna hii haiwi uongo kwa kuwa imezaliwa na mazoea, kwani hata ukweli mwingi hufika kwa njia hiyo. Lakini nguvu ya mtu kushikilia jambo haiwezi kuhesabiwa kuwa ushahidi wa jambo hilo. Stallman mwenyewe, katika hotuba zake, amekuwa akivaa joho na kuweka sahani ya diski ya zamani kichwani kama duara la nuru, akajiita mtakatifu wa Kanisa la Emacs. Anasema wazi kwamba ni mzaha. Mzaha huo unaeleweka kila mahali kwa sababu wasikilizaji wanaijua tayari hali inayotaniwa.

Usukumani, Maswa ikiwamo, lipo jambo linalofanana na hili na lenye heshima kubwa zaidi. Jamii za ngoma za Bagika na Bagalu zinarejesha asili yake kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na ushindani wao umedumu vizazi kwa vizazi. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mtu huwa Mgika au Mgalu kwa sababu ya ukoo, kijiji, rafiki au kiongozi wa ngoma aliyempenda, na akishaingia anatetea upande wake kwa moyo wote. Ushindani huo umezaa vitu ambavyo amani tupu isingezaa: nyimbo mpya kila msimu, mitindo, na maonyesho yanayochukua miezi kuandaliwa. Vivyo hivyo watetezi wa Emacs na wa vi wamelazimishana kuboresha vyombo vyao, na leo Emacs ina hali inayoiga vi, kazi ya watu walioamua kujifunza kutoka upande wa pili.

Ila umati uwanjani unahukumu mvuto, na mvuto ndio hasa lengo la ngoma, kwa hiyo hukumu yake ni halali. Kwa kihariri, wingi wa watumiaji ni habari ya kuzingatia tu. Toleo la 33 la Fedora la mwaka 2020 lilifanya nano kuwa kihariri chake cha msingi, kwa hoja kwamba anayejikuta ndani ya kihariri bila kukusudia aweze kutoka. Hoja hiyo ni nzuri, na nguvu yake haitegemei idadi ya waliokubali. Inategemea kumjali mgeni.

Hapa mapokeo ya dini yana msaada wa kweli, tofauti na lugha ya vita iliyoazimwa. Fikihi ya Kiislamu hugawa matendo kwa hukumu tano, na mojawapo ni mubaha: tendo ambalo kulifanya hakuna thawabu na kuliacha hakuna dhambi. Kuchagua kihariri ni mubaha kwa asili yake. Lakini wanazuoni hufundisha pia kwamba nia na matokeo vinaweza kuliondoa tendo katika hukumu hiyo, likawa jema au baya kwa sababu ya kile linachofungua. Upande wa Ukristo, sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi inashughulikia watu wanaogombana juu ya vyakula na siku. Paulo hawaambii kwamba upande mmoja umekosea chakula. Anawaelekeza waangalie kama uhuru wao unamkwaza ndugu. Mapokeo yote mawili yanahamisha swali kutoka kwenye kitu hadi kwa jirani, na uhamisho huo ndio unaolifumbua suala la kihariri. Jirani wenyewe ni wa namna tatu: aliyekitengeneza chombo, aliye mbali anayeguswa nacho bila kukitumia, na anayeshiriki seva ile ile.

Kwa jirani wa kwanza, baadhi ya vihariri vinavyotajwa hapa vina msimamo wa maadili uliovizaa. Emacs ni tunda la fundisho kwamba mtumiaji ana haki ya kuiendesha programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza, na kwamba kumnyima haki hizo ni dhuluma hata kama programu yenyewe ni nzuri. Nano ilizaliwa kwa sababu ya pengo la haki hizo hizo. Kihariri kilichopendwa na wageni kabla yake kilikuwa Pico, sehemu ya programu ya barua pepe ya Pine ya Chuo Kikuu cha Washington, na leseni ya chuo hicho iliweka vizuizi juu ya kusambaza nakala zilizorekebishwa. Allegretta akaandika mbadala ulio huru, uliojiunga na mradi wa GNU mwaka 2001. Hata vi ilibanwa: ilikuwa na msimbo wa ed uliomilikiwa na AT&T, na kwa miaka mingi wasiokuwa na leseni walitumia miigo yake, Vim ikiwa mmojawapo.

Haki hizi zimewahi kutumiwa Tanzania kwa namna inayoonekana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na haukuhitaji kumpigia mtu magoti ili kuitafsiri, kwa kuwa leseni ilikwisha kuruhusu. Anayechagua kihariri huru na kukitunza, akaripoti hitilafu au kuandika maelezo ya Kiswahili, anaulinda mlango ambao wengine watapita.

Jirani wa pili anatokea kwenye Vim. Ikifunguliwa bila faili, skrini yake ya kwanza kwa miaka mingi imekuwa na mstari unaomwomba mtumiaji awasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alijitolea kufanya kazi, mnamo 1994, katika kituo cha watoto cha Kibaale, akishughulika na maji na usafi wa mazingira. Kibaale hii ni mji mdogo wa kusini mwa Uganda katika eneo la Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania, na isichanganywe na Kibaale ya magharibi mwa nchi. Rakai ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Uganda walikotambuliwa mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, na mwaka uliofuata ugonjwa ulitambuliwa Kagera, upande wa Tanzania. Yatima walikuwa wengi. Aliporudi Uholanzi, Moolenaar alianzisha mfuko wa ICCF Holland kuwasomesha, na akaamua kwamba Vim itolewe bure kwa masharti yasiyolazimisha malipo, ila yanayomhimiza mtumiaji achangie watoto hao.

Kwa hiyo programu iliyosambaa kwenye seva nyingi duniani imebeba ombi kwa ajili ya watoto wa eneo la Ziwa Victoria, ziwa lile lile linalopokea maji ya mto Simiyu. Ombi hilo linazusha swali gumu: je, zawadi iliyokwisha kupokelewa inafunga? Kisheria haifungi, kwani leseni imeandikwa hivyo makusudi. Sadaka inayodaiwa kwa nguvu inageuka kuwa kodi. Lakini mtu aliyekitumia chombo miaka kumi, kikamlisha, na asijiulize hata mara moja kama anadaiwa chochote, amepungukiwa na kitu ambacho sheria haiwezi kumpa. Dini zote mbili zilizotajwa zinakijua kitu hicho kwa jina la shukrani, na zote zinaifundisha kuwa wajibu hata pale ambapo hakuna mdai.

Msomaji wa Maswa anausoma mstari ule tofauti na msomaji wa Stockholm. Kwa wa Stockholm, Uganda ni mbali na umaskini wake ni habari. Kwa wa Maswa, hao ni watu wa kanda yake, na anaweza kuona uchungu kwamba mahali pake pa dunia panajulikana kwa mafundi wa dunia nzima kwa neno "maskini" tu. Uchungu huo una haki. Yapo na mengine ya kufikiriwa: waliochangia kwa kiasi fulani walipewa kura juu ya maboresho ya Vim, na watoto waliochangiwa hawakuwa na kura. Hilo halimpunguzii Moolenaar heshima, kwa kuwa hakuzungumza juu ya watu asiowajua. Alikuwa ameishi nao na kufanya kazi nao. Linaonyesha mpaka wa sadaka yenyewe. Sadaka humfikia asiye na kompyuta kabisa, jambo ambalo haki za Stallman haziwezi, maana haki ya kubadilisha msimbo haina maana kwa mtoto asiye na daftari. Lakini sadaka haimweki mpokeaji mezani. Haki ndiyo inayomweka: mtoto yule wa Kibaale akikua, akasoma na kupata mashine, leseni inampa ruhusa ile ile ya kuifungua Vim na kuibadilisha aliyonayo mhandisi wa Amsterdam. Fundisho la uhuru na fundisho la sadaka, yanayoonekana kushindana kwenye skrini, kila moja linafika mahali ambapo lingine haliwezi kufika.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Vim inaendelea kutunzwa na kundi la wachangiaji, na kazi ya kukusanya michango ya Kibaale imehamia kwa shirika la Kuwasha la Canada.

Jirani wa tatu ndiye wa karibu kuliko wote: mwenzake mchaguzi, atakayefungua faili lile lile kesho. Mfano unaomfaa ni wa Maswa yenyewe. Kata za wilaya hiyo ni pamoja na Ng'wigwa, Seng'wa na Mwang'honoli. Programu nyingi za ofisi hugeuza alama ya juu ya majina hayo kuwa alama ya nukuu iliyopinda, bila kumwuliza mwandishi. Kwa jicho la mtu hakuna tofauti, ila kwa kompyuta hizo ni herufi mbili. Orodha ya wakulima wa pamba wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ikiandikwa nusu kwa alama moja na nusu kwa nyingine, kata moja inahesabiwa kuwa mbili na mkulima anatafutwa asionekane. Vihariri vya terminali, vikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, huiacha alama jinsi ilivyobonyezwa. Kwa data zenye majina ya Kisukuma hii ni sababu nzito ya kuvitumia, nzito kuliko kasi na kuliko uzuri.

Alama hiyo hiyo ina matatizo yake katika terminali. Anayeandika nano Ng'wigwa.csv na kubonyeza Enter atajibiwa na bash, programu inayopokea amri za terminali, kwa alama ya > na kimya, kwa sababu bash imedhani nukuu imefunguliwa na inasubiri ifungwe. Jina linapaswa kuwekwa ndani ya nukuu pacha. Ndani ya Vim, Ng'wigwa huhesabiwa kuwa maneno matatu, na amri ya kufuta neno itaondoa Ng peke yake. Amri ya :set iskeyword+=39 huifundisha kwamba alama namba 39 ni sehemu ya neno. Katika nano kazi hiyo hufanywa na mpangilio wa wordchars. Waliobuni vihariri hivi hawakuwa na lugha za Kiafrika mbele yao, lakini waliacha mahali pa kurekebishia, na hiyo ni adabu ya ubunifu inayopaswa kusifiwa.

Kwa seva inayoshirikiwa na watu kadhaa, fundisho la kutomkwaza ndugu linakuwa na sura ya kiufundi. Mapendeleo ya mtu mmoja yanakaa kwenye faili lake mwenyewe, .vimrc au .nanorc ndani ya saraka yake, na kihariri anachokitaka anakitaja kwa kigezo cha EDITOR kwenye akaunti yake. Kubadilisha kihariri cha msingi cha mashine nzima, au kubadili maana ya vitufe kwa watumiaji wote, ni kuwaamulia wenzake mazoea yao. Inafaa kufanya hivyo kwa makubaliano tu, na upande wa kuegemea uwe ule unaomlinda asiyejua, kwa kawaida nano. Anayepokea kazi kutoka kwa mwingine naye ana wajibu wake. Hata kama hatatumia vi kamwe kwa hiari, ajifunze kutoka ndani yake: Escape, kisha :q! kuacha bila kuhifadhi au :wq kuhifadhi na kutoka. Vi imo katika POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, na kwenye seva nyingi ndogo ndicho kihariri pekee kitakachokuwapo. Amri kama visudo na crontab -e humfungulia mtu kihariri ambacho hakukiomba, mara nyingi akiwa na mamlaka ya msimamizi wa mfumo mzima. Kosa la mahali hapo huwaangukia wote wanaoitegemea mashine ile.